Fundi wa Muziki wa Matatu

Matatu ya Nairobi ikisifiwa, sifa huenda kwa aliyeichora, kwa dereva, na kwa makanga anayening'inia mlangoni. Mimi namsifu aliyelala chali chini ya viti, tochi mdomoni, akikwangua rangi ya bodi mpaka chuma king'ae. Hapo atafunga waya wa hasi wa amplifaya. Hakuna abiria atakayepaona, na kwangu hapo ndipo pana kazi safi kuliko zote ndani ya gari hilo.

Muziki wa gari ni umeme kwanza. Kwenye volti 12, amplifaya inayovuta wati 600 inadai ampea 50. Ukiipa waya mwembamba, volti hushuka na taa za mbele hufifia kwa kila pigo la besi. Fundi wa kweli huvuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi huiweka karibu na betri, kwa sababu kazi ya fyuzi hiyo ni kuulinda waya. Waya usiolindwa ukichubuliwa na ukingo wa bati ukagusa bodi, gari linaweza kuwaka moto.

Isuzu NQR, gari linalopendwa na wenye nganya, yaani matatu zilizorembwa, lina umeme wa volti 24, ilhali vyombo vingi vya muziki wa gari ni vya volti 12. Wapo wanaochota volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Muziki utalia, lakini betri hazitachajiwa sawa tena, na zitakufa kabla ya wakati. Anayejiheshimu hufunga konveta, tena yenye uwezo wa kubeba mzigo wote.

Uhodari wake hasa huonekana gari linaporudi na lawama. Kuna mlio mwembamba unaopanda kila dereva akikanyaga mafuta. Wengine wangekimbilia kuuza amplifaya mpya. Yeye huchomoa kwenye amplifaya nyaya za sauti zitokazo kwenye redio, akasikiliza. Mlio ukitoweka, amplifaya haina hatia. Sasa anafuata njia ya sauti nyuma hatua kwa hatua: huenda waya wa hasi wa redio umefungwa vibaya, au nyaya za sauti zimelazwa ubavuni mwa waya wa umeme.

Besi ikiwa hafifu ilhali spika ni mpya, huchukua betri ya rimoti, ile ya volti 1.5, akaigusisha kidogo tu kwenye nyaya za spika, chanya kwa chanya, huku akiitazama koni. Ikiruka nje, chanya iko mahali pake. Ikiingia ndani, nyaya zimegeuzwa. Spika mbili zikipingana, moja ikisukuma hewa na nyingine ikiivuta, besi hufutana. Nalipenda sana jaribio hili, kwa kuwa jibu lake huonekana kwa macho.

Kinachonikera ni malipo. Mteja hutoa pesa za sabufa bila kunung'unika, kisha huvutana na fundi juu ya ufundi. Aliyeutafuta mlio mchana kutwa akaukuta kwenye nati moja iliyolegea hulipwa kama mtu aliyekaza nati, na ule mchana wote wa kusikiliza hauhesabiwi.