Udi wa Mzee Saleh

Msomaji, ukipata riwaya iitwayo By the Sea, aliyoitoa mwaka 2001 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyehamia Uingereza katika miaka ya 1960, usiipite upesi sura ya kiwanja cha Gatwick. Humo mzee Saleh Omar, aliyeshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, anapokonywa kisanduku cha udi na afisa wa uhamiaji. Kwetu udi hufukizwa kumkaribisha mgeni. Pale mgeni ndiye aliyekuja nao! Na afisa huyo mwenyewe ni mtoto wa wakimbizi kutoka Rumania. Mwandishi hamlaani, humwacha aseme, naye mzee akae kimya, akielewa kila neno. Kesi za nyumba na madeni zifuatazo zimerefushwa mno, lakini kimya kile kinazibeba.