Kijaa na Hekalu: Ibada katika Nyimbo za Kusagia za Akina Mama wa Maharashtra

Uainishaji wa nyimbo katika fasihi simulizi umezoea kutenga nyimbo za kazi na nyimbo za ibada. Za kwanza husemwa kuwa huimbwa ili kupunguza uzito wa kazi na kuoanisha viungo vya wafanyao kazi. Za pili huhesabiwa kuwa mali ya hekalu, ya msikiti au ya kanisa. Mgawanyo huo unafaa darasani, lakini upo utanzu mmoja mkubwa wa Bara Hindi unaoukataa. Utanzu huo ni ovi, nyimbo ambazo wanawake wa mashambani wa Maharashtra, magharibi ya India, walikuwa wakiziimba alfajiri huku wakisaga nafaka kwa kijaa. Humo mungu Vithoba wa mji wa Pandharpur hutajwa kwa pumzi ileile inayomtaja mtoto, ndugu aliye mbali na nyumba ya wazazi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ibada hapo haikupachikwa juu ya kazi ya mama. Kazi yenyewe ndiyo iliyoipa ibada umbo lake. Mhakiki asiyelizingatia jambo hilo ataishia kuusifu uvumilivu wa wanawake hao, au kuwahurumia, bila kuusikia usemi wao.

Yafaa kwanza kuyaeleza mazingira. Dini ya Kihindu kama ilivyotunzwa na makuhani ilikuwa na lugha yake, Kisanskriti, na wanawake hawakuruhusiwa kuzisoma Veda. Harakati ya bhakti, yaani ibada ya mapenzi kwa Mungu, ilifungua njia nyingine kwa lugha za wenyeji. Katika Maharashtra njia hiyo ilishikwa na Wavarkari, mahujaji ambao hadi leo huenda Pandharpur kwa miguu katika mwezi wa Ashadha, kati ya Juni na Julai. Wanawake nao humo katika safari hiyo. Hata hivyo, mama mwenye mtoto wa kunyonya, mifugo ya kutunza na watu wa kulishwa hakuweza kila mwaka kuiacha nyumba kwa majuma kadhaa. Saa aliyokuwa nayo ni ile ya kabla ya jua kuchomoza, aliposhika mpini wa kijaa, peke yake au pamoja na mwenzake aliyeketi mkabala naye. Safari asiyoweza kuifanya kwa miguu aliifanya kwa wimbo, na jiwe lilizunguka pale pale lilipo.

Umbo la ovi haliwezi kuelezwa nje ya saa hiyo. Ovi ya kijaani ni fupi: kwa kawaida ni mishororo miwili, na wazo lake hutimia humo. Mmoja huanza, mwenzake hupokea. Mstari huweza kurudiwa au kugeuzwa kadiri nafaka inavyodai. Mtoto akilia, wimbo hukatika bila kuharibika, na mama akirudi kijaani huuendeleza kwa ovi nyingine. Ufupi huo usichukuliwe kuwa dalili ya sanaa changa. Jina hilo hilo la ovi hubebwa na mishororo ya Jnaneshwari, ufafanuzi wa Bhagavad Gita uliokamilishwa mwaka 1290, wenye ovi takriban 9,000. Mwanachuoni alikuwa na nafasi ya kuzifululiza ovi zake kuwa hoja ndefu. Mama alikuwa na vipande vya wakati, naye akajenga utanzu unaokaa ndani ya vipande hivyo bila kupoteza ukamilifu.

Kielelezo kikuu cha wasagaji ni Janabai, mshairi wa karne ya 13 na ya 14, aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya kina Namdev, mtakatifu mwingine wa Pandharpur. Katika tungo zinazonasibishwa naye, na katika hadithi zilizomzunguka, Vithoba huja kusaga pamoja naye, huokota samadi ya kukaushwa iwe kuni, hufua nguo, na hata humchana nywele. Wasomaji wengi wameiona picha hiyo kuwa tamathali ya kupendeza tu. Uzito wake ni mkubwa zaidi. Mwelekeo wa kawaida wa ibada umepinduliwa: mja haendi hekaluni, Mungu anatoka hekaluni na kufanya kazi ambazo watu wa tabaka la juu waliziona kuwa najisi. Tena Wavarkari humwita Vithoba mama. Jina hilo halihusu huruma peke yake. Likiwekwa kando ya kijaa, linamaanisha kwamba Mungu anajua kazi ya mama inavyochosha mikono. Haishangazi kwamba akina mama wa vijijini, karne nyingi baadaye, walimtaja Janabai katika ovi zao kana kwamba ni jirani yao.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakumbuka hapa Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambamo pia mama anaunganisha dini na maisha ya nyumbani. Lakini tofauti ni ya msingi. Mwana Kupona anamuusia binti yake. Anapanga wajibu kwa Mungu, kwa Mtume, kwa baba na mama, na kwa mume, na dini inaingia nyumbani kwa njia ya mafunzo. Ovi haiusii. Haimwambii mwanamke asage kwa sababu kusaga ni wajibu mtakatifu. Inamkuta tayari anasaga, na hapo ndipo inapoanza mazungumzo na Mungu.

Yaweza kupingwa kwamba mazungumzo hayo ni faraja tupu: Mungu anayesaidia kusaga hamwondoi mtumishi kijaani. Pingamizi hili halistahili kupuuzwa, na jibu lake limo katika maisha ya Bahinabai (1628–1700), mwanamke wa tabaka la Brahmani aliyeacha tawasifu yake katika mashairi. Aliozwa akiwa mtoto mdogo kwa mjane mwenye umri wa miaka 30. Ibada yake ilipoanza kujulikana hadharani, mumewe alimpiga. Alipomkubali Tukaram, mtu wa tabaka la Shudra, kuwa mwalimu wake wa kiroho, mume aliazimia kumwacha hali yeye ni mja mzito. Bahinabai aliamua kubaki na kumhudumia mume, naye mume, baada ya kuugua na kuuguzwa, alibadilika. Mwisho huo huweza kusomwa kama ushindi wa utiifu. Hata hivyo, Bahinabai hakuyaficha mapigo. Aliyaandika ndani ya ushairi wa ibada, na hivyo ibada yake ikahifadhi ushahidi ambao adabu ya nyumba ingeuzika. Faraja tupu haiachi ushahidi wa namna hiyo.

Mwendelezo wa mkondo huu unaonekana kwa Bahinabai Chaudhari (1880–1951) wa wilaya ya Jalgaon, mkulima na mama wa watoto watatu, aliyefiwa na mume mapema. Hakujua kusoma wala kuandika. Alitunga akiwa shambani na jikoni, na nyimbo zake zilichapishwa mwaka 1952 kwa juhudi za mwanawe Sopandev, aliyekuwa mshairi pia. Humo mbegu, kiota cha ndege na kikaango cha mkate ndivyo vitu vya kutafakari. Mwaka 2018 chuo kikuu cha eneo lake kilipewa jina lake. Heshima hiyo inastahili, lakini inakumbusha pia kwamba sauti yake ilifika kitabuni kwa bahati ya kuwa na mwana mshairi. Wasagaji wengi hawakuwa na bahati hiyo.

Ndiyo maana kazi iliyoanzishwa na Hema Rairkar na Guy Poitevin katika miaka ya 1980 ina thamani kubwa. Wao na wenzao walikusanya zaidi ya ovi 100,000 kutoka vijiji vya Maharashtra, wakati ambapo mashine za kusaga zilikuwa zimekwisha kuingia vijijini. Mashine iliwapumzisha akina mama, na hakuna haki ya kuwatakia warudi kijaani ili wasomi wapate nyimbo. Lakini wimbo ulinyamaza pamoja na jiwe, na kunyamaza huko kunathibitisha hoja ya makala haya: kama ibada ingekuwa pambo la nje, ingehamia kwa urahisi kwenye kazi nyingine, umbo lake likiwa lile lile. Mama wa Kihindu wa leo bado huwasha taa jioni na kumwagia maji mtulasi uani, lakini ovi ya kijaa haikuhama naye.

Wakusanyaji wa nyimbo za wanawake katika Afrika ya Mashariki wana la kujifunza hapa. Wimbo uliorekodiwa wakati wa kutwanga au kuteka maji usiandikwe tu chini ya kichwa cha nyimbo za kazi na kufungiwa humo. Sharti aulizwe mwimbaji anasema na nani anapoimba. Na jibu lake liandikwe pamoja na wimbo, kabla mchi haujawekwa chini kwa mara ya mwisho.