Kutetea na Kuondolea Lawama: Juu ya Tafsiri ya Kitenzi "Vindicate"

Kitenzi cha Kiingereza "vindicate" ni miongoni mwa vile ambavyo mfasiri huvipita upesi, akidhani kuwa vina kisawe kimoja kilicho wazi. Kisawe hicho aghalabu huwa "tetea". Yafaa kuchunguza kama chatosha.

"Tetea" latokana na "teta", yaani kugombana kwa maneno; umbo la kutendea laongeza maana ya kufanya hivyo kwa ajili ya mwingine. Basi mwenye kutetea ni mshindani wa upande mmoja, na neno lenyewe halisemi lolote juu ya mwisho wa shauri. Wakili aliyeshindwa naye alitetea. Kitenzi cha Kiingereza huweza kuwa na maana hiyo, lakini mara nyingi zaidi hutaja mwisho: lawama imeondoka, na aliyelaumiwa ameonekana kuwa na haki tangu mwanzo. Mfasiri aandikapo kwamba mahakama "ilimtetea" mshtakiwa, amemtoa hakimu kitini pake na kumketisha penye meza ya wakili.

Uzito wa kosa hili waonekana mahali kama Kitai, katika wilaya ya Mbinga, penye gereza. Mfungwa aweza kutoka kwa kumaliza kifungo. Au kwa msamaha wa Rais, chini ya ibara ya 45 ya Katiba ya 1977. Au kwa rufaa, hukumu yake ikatenguliwa. Kwa wote watatu jirani husema neno moja tu: "ametoka". Wala "kuachiwa huru" hakutenganishi mambo haya, kwani husemwa hata kwa mtu ambaye mashtaka yake yameondolewa tu, naye aweza kushtakiwa tena. Lakini msamaha humwondolea mtu adhabu. Haumtangazi kuwa hakukosa. Ni rufaa pekee iwezayo kumrudishia jina lake, na hilo ndilo linalotajwa na kitenzi cha Kiingereza.

Wako watakaopendekeza "kuhesabia haki", usemi uliozoeleka kwa wasomaji wa Waraka kwa Warumi katika Biblia ya 1952. Usemi huo nao haufai hapa. Katika Waraka huo anayehesabiwa haki ni mwenye dhambi, naye hupewa haki asiyokuwa nayo. Aliyeondolewa lawama hapewi haki mpya, bali yake hudhihirishwa.

Iko maana ya tatu, ambayo mtendaji wake si mtu wala mahakama, bali wakati. Wapiganaji wa Majimaji walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 walihukumiwa kuwa waasi. Tanzania huru imewaweka katika safu ya mashujaa wake. Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha mjini humo. Kusema kwamba wakati "umewatetea" ni kulegea. Wakati umedhihirisha haki yao.

Basi hapana budi kamusi iache kupanga visawe kwa mkato na mkato, kana kwamba vyabadilishana, na imwonyeshe msomaji ni nani atendaye: mtu hutetea, mahakama huondolea lawama, wakati hudhihirisha haki. Tangu sheria ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania, tofauti hizi si pambo la wanachuoni. Kwa mtu aliyetoka gereza la Kitai kwa rufaa, ndizo zinazomtenga na aliyesamehewa.