Taifa Moja, Sura Nyingi: Sinema ya Kiyidi kabla ya Vita

Watazamaji wengi wa leo huziendea picha za sinema zilizotengenezwa kwa lugha ya Kiyidi kama waendao makaburini. Sababu yake ni dhahiri. Katika vita vya 1939 hadi 1945 utawala wa Nazi uliwaua Wayahudi wapatao milioni 3 katika Polandi peke yake. Walakini huzuni, ijapokuwa ni ya haki, si kipimo cha sanaa. Humfanya mtazamaji awaone watu wote wa picha hizo kuwa wa namna moja, wapole na wacha Mungu, hali picha zenyewe zashuhudia mabishano yao.

Kiyidi chenyewe ni ushahidi wa mchanganyiko. Shina lake ni Kijerumani cha kale. Kimejitajirisha kwa maneno ya Kiebrania na ya Kislavoni, nacho huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Walikuwapo wasomi wa Kiyahudi walioibeza lugha hiyo kuwa ni chotara. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake ilipokea maneno mengi ya Kiarabu na kuandikwa zamani kwa herufi zake, ataielewa kebehi hiyo upesi.

Picha ya Sidney Goldin, Ost und West, yaani Mashariki na Magharibi, ilitengenezwa Austria mwaka 1923, zama za sinema isiyo na sauti. Binti wa tajiri wa Marekani, ambaye sehemu yake yachezwa na Molly Picon, aenda Galisia na babake kuhudhuria arusi ya jamaa. Siku ya Upatanisho, watu wakiwa wamefunga, yeye ajificha akala. Kisha afanya mzaha wa kuolewa na mwanafunzi wa dini, na mzaha ukawa ndoa ya kweli kwa sheria. Kicheko chawapata wote, mgeni na wenyeji. Lakini mizani haikukaa sawa: mwanafunzi hana budi kwenda Vienna na kubadili sura na mavazi ndipo apendwe. Mashariki yatakiwa kugeuka; Magharibi yatakiwa kungoja tu.

Yidl mitn Fidl ya mwaka 1936 ni kazi ya Joseph Green, mzaliwa wa Polandi aliyehamia Marekani, akarudi kwao kutengeneza picha. Picon hapa ni msichana avaaye nguo za kiume ili asafiri na babake, mpiga muziki maskini. Sehemu zake zilipigwa Kazimierz Dolny, na wenyeji wa mji huo waliingia katika picha. Nyuso zile ndizo thamani yake kubwa. Walakini njaa yageuzwa wimbo mtamu, na mwisho wa mambo ni meli iendayo Marekani. Hapana shaka jambo hili liliwapendeza wahamiaji, waliotamani kuiona nchi yao ya kale pasipo kutamani kuirudia.

Der Dibuk ya mwaka 1937, iliyoongozwa na Michał Waszyński, ndiyo iliyo juu ya zote. Yatokana na mchezo wa S. An-sky, ambaye kati ya 1912 na 1914 alizunguka Volhynia na Podolia akikusanya hadithi na mila za Wayahudi. Marafiki wawili waahidiana kuozana watoto wao wasiozaliwa bado. Mmoja afa, mwenziwe atajirika, amtafutia bintiye Leah mume mwenye mali. Khonen, kijana wa ahadi, afa naye, na siku ya arusi roho yake yamwingia Leah. Huyu si pepo wa kupungwa kwa ngoma na ubani; ni mfu adaiye haki yake. Maskini wacheza uani mwa tajiri, na bibi arusi acheza na mtu mwenye sura ya mauti. Rabi aitwaye kuitoa roho ile ni mzee aliyechoka, atiaye shaka uwezo wake mwenyewe. Aitoa, lakini Leah amfuata Khonen kaburini.

Hapa tajiri na maskini, sheria na mapenzi, vyagombana hadi mwisho bila kupatanishwa kwa hila. Kuwakumbuka waliouawa kama watu wasiokuwa na tofauti ni kuwapunguzia uhai waliokuwa nao. Afadhali mtazamaji ayasikilize magomvi yao.