"Gesi Imekwisha": Usemi Unaoficha Ubovu

Istilahi ya ufundi haipimwi kwa utamu wa sauti yake, bali kwa kazi inayoifanya karakanani. Kwa kipimo hicho tumechunguza semi tatu zinazosikika pale kiyoyozi cha gari kinapopuliza hewa ya moto, ambazo mfasiri wa vitabu vya ufundi hushawishika kuzichukua kama zilivyo.

Wa kwanza ni huo wenyewe, "hewa ya moto". Una maana mbili. Kiyoyozi kilichoshindwa kupoza hupitisha hewa yenye joto karibu sawa na la nje. Mchana wa Dar es Salaam abiria ataiita ya moto, wala hatakosea. Lakini kilango kinachochanganya hewa kikikwama upande wa hita, hewa hupashwa na maji ya injini hata ikazidi joto la nje. Ubovu wa kwanza hutafutwa katika mzunguko wa kupozea. Wa pili, nyuma ya dashibodi. Twapendekeza "hewa isiyopozwa" kwa ule wa kwanza na "hewa iliyopashwa" kwa huu wa pili.

Wa pili ni "gesi imekwisha", na hapa ndipo penye kasoro kubwa. Kitenzi hiki hutufanya tuifananishe dutu hiyo na petroli, ambayo huungua na kwisha. Sivyo. Dutu hii huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa huikandamiza, katika kondensa, mbele ya gari, hutoa joto na kuwa kimiminiko, hupita penye tundu jembamba, shinikizo likashuka, kisha ndani ya evapareta huchemka na kufyonza joto la hewa iendayo kwa abiria. Kwa kuwa nusu ya safari yake ni kimiminiko, hata jina "gesi" halitoshi. Kama ongoza ilivyotupa kiongozi, poza yaweza kutupa kipozi.

Kipozi basi hakiishi. Kikipungua sana, kimevuja. Fundi aliyeambiwa "kimekwisha" hujaza. Aliyeambiwa "kimevuja" hutafuta tundu kwanza. Anayeumia kwa tofauti hiyo si mwenye gari peke yake. Kipozi cha zamani, R-12, kiliharibu tabaka la ozoni, kikaondolewa kwa hatua chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R-134a iliyokirithi haidhuru ozoni, lakini huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Ndiyo maana imo katika Marekebisho ya Kigali ya 2016. Kila ujazaji usiozibwa tundu ni kukimwaga kipozi angani.

Hata hivyo, "kimevuja" lisigeuke jibu la kila swali. Huenda feni ya kondensa haizunguki, au klachi ya kompresa hainasi. Na kompresa iliyosimama si lazima iwe mbovu: kipozi kikipungua mno, swichi ya shinikizo huizuia isifanye kazi, ili isiharibike.

Usemi wa tatu ni "rejeta imeziba". Neno rejeta hutumika kwa chombo kinachopoza maji ya injini na pia kwa kondensa, kwa sababu vyote viwili hukaa mbele ya gari na hufanana. Msomaji atasafisha kipi? Rejeta ibaki kwa maji ya injini. Kondensa iwe kwa kipozi.

Hatuyadharau maneno ya mafundi. Rejeta, klachi na feni yameenea kwa vinywa vyao, na yanafaa. Tunalokataa ni mfasiri au mwalimu kuyapokea bila kuuliza yanampeleka msomaji wapi. Neno linaloelekeza mkono wa fundi mahali pasipo na ubovu, hata likizoeleka namna gani, halijastahili kuitwa istilahi.