Mlango Unaikabili Sayari

Tangu Aprili 2019, Sidewinder, chombo cha angani anachokabidhiwa rubani mpya wa mchezo wa kompyuta wa Elite Dangerous, huja ikiwa tayari imefungwa msaidizi wa supakruzi, yaani kifaa kinachokiongoza chombo chenyewe katika mwendo wa kasi kubwa ndani ya mfumo wa nyota. Uamuzi huo ulikuwa kosa, na miaka iliyopita tangu hapo haijaupunguzia uzito. Sina ugomvi na kifaa chenyewe. Frontier Developments, watengenezaji wa mchezo, walikuwa na kila haki ya kukibuni na kukiweka dukani kwa krediti 9,120, na mwenye kukihitaji akinunue. Ugomvi wangu ni kwamba kinafungwa ndani ya chombo cha mtu ambaye hajawahi hata mara moja kupitiliza kituo, asiyejua kwa nini mwendo unashuka anapoikaribia sayari, na ambaye kwa sababu hiyo hana njia ya kujua ni kazi gani anayofanyiwa. Chombo kinanyooka, kinapunguza mwendo, kinajitoa chenyewe kwenye supakruzi, na rubani anaamini kwamba huko ndiko kuendesha.

Tuitazame kazi yenyewe. Kila rubani mzoefu anaijua kanuni: saa ya kufika ikisoma sekunde 7, rudisha wenzo wa kasi hadi asilimia 75 na uuache hapo. Wanaoikariri wengi hawajiulizi kwa nini inafanya kazi. Jibu ni kwamba ukiishikilia saa hiyo isishuke, mwendo wako unakuwa sawasawa na umbali uliobaki ukigawanywa kwa 7, hivyo umbali unapopungua mwendo nao unapungua kwa uwiano uleule. Nahodha wa jahazi huteremsha tanga kabla hajafika bandarini kwa sababu anajua chombo kitaendelea kwenda. Hapa ni vivyo hivyo, ila tanga linateremshwa kidogo kidogo safari nzima. Piga hesabu kutoka sekunde-nuru 1,000 hadi ule umbali wa kilomita 1,000 ambapo kituo kinakuruhusu kutoka: kwa hesabu tupu, bila kuhesabu breki ya mvutano wa sayari, ni kama sekunde 88. Ukithubutu kuishikilia saa kwenye 6 badala ya 7, unaokoa sekunde 12 na ushei. Ukithubutu kwenye 5, unaokoa mara mbili ya hizo, lakini sasa unacheza na mzunguko wa aibu, maana ukichelewa kidogo tu utakipita kituo na kulazimika kugeuka kukirudia. Kati ya 7 na 5 ndipo ulipo ustadi wote wa jambo hili. Msaidizi anauondoa uwanja huo kabisa. Anakwenda kwa tahadhari ileile kwa kila mtu na kila safari, na hajui kuitumia sayari kama breki: kuja na mwendo mkubwa kupita kiasi, kupitia karibu na sayari, kuuacha mvutano wake uushushe mwendo huo, kisha kukunja kona kuelekea kituoni. Ujanja huo haumo katika maelekezo yoyote ya mwanzo. Ulipatikana na watu waliokosea mara nyingi, na asiyeruhusiwa kukosea hataupata.

Lakini mwendo ni nusu tu ya hasara. Nusu nyingine ni macho, na hapo ndipo hasira yangu inapokuwa kubwa zaidi. Mlango wa kituo kinachozunguka sayari kwa kawaida huikabili sayari yake. Rubani anayelijua hilo hakifuati kituo kwa mstari ulionyooka. Akiwa bado kwenye supakruzi anakigeuza kichwa cha kamera pembeni, huku pua ya chombo ikibaki ilipo, anaitafuta sayari, anausoma mstari wa obiti, anaitazama picha ya kituo kwenye paneli ya shabaha aone uso upi umegeukia wapi, kisha anachagua kuja kutoka upande wa sayari. Akitoka supakruzi, mlango uko mbele yake. Anaomba ruhusa, anaingia. Msaidizi hana habari na sayari wala mlango. Ananyoosha tu. Ukitokea upande wa nje anakutupa mgongoni mwa kituo, na kuanzia hapo unakizunguka kizima kwa mwendo wa kawaida ukiutafuta mlango ambao ungeweza kuupata bure kwa kugeuza kichwa mapema. Sayari ikiwa imesimama kati yako na kituo, atanyoosha vilevile, na ni wewe wa kukumbuka kuikwepa. Msimtazame rubani wa namna hii anapofika salama. Mtazameni sekunde anayotoka supakruzi akiwa upande usio sahihi: kamera yake imetulia mbele, haigeuki, kwa kuwa hajawahi kupewa sababu ya kuigeuza.

Wa zamani walipewa sababu hiyo tangu siku ya kwanza. Elite ya David Braben na Ian Bell, iliyotolewa na Acornsoft mwaka 1984 kwa ajili ya BBC Micro, ilikuwa na kituo cha Coriolis ambacho mlango wake uliikabili sayari daima. Utaratibu ulikuwa mmoja: nenda hadi kati ya sayari na kituo, geuka, lenga katikati, kisha bingirisha chombo ulingane na mzunguko wa kituo kabla ya kuingia. Kukosea kulikuwa kifo. Na mchezo ule, uliobanwa ndani ya kumbukumbu ndogo kuliko picha moja ya simu ya leo, ulimpa rubani mitazamo minne, mbele, nyuma, kushoto na kulia, kila mmoja kwenye kitufe chake. Tangu Elite Dangerous ilipotolewa Desemba 2014 ninayemsubiri ni mtu wa Frontier atakayeeleza kwa nini mtazamo wa nyuma haumo kwenye chumba cha rubani. Kamera za nje zilizokuja mwaka 2017 ni nzuri kwa picha na kwa kukagua ardhi unayotaka kutua, lakini ukizifungua unaviacha vipimo vya ndani, kwa hiyo si jicho la kuendeshea. Wale wa 1984 waliona nyuma yao kwa kubonyeza kitufe kimoja. Sisi tuna reda.

Najua jibu linalokuja, na ni jibu la haki: hata mwaka 1984 kulikuwa na kompyuta ya kuegesha. Kweli ilikuwepo. Ilikuwa inauzwa krediti 1,500, na rubani alianza maisha na krediti 100. Katikati ya namba hizo mbili kuna safari nyingi za biashara, na kila moja iliishia kwenye mlango unaozunguka ambao alipaswa kuuingia kwa mikono yake. Alipoinunua alikuwa ananunua pumziko kutokana na kazi anayoiweza. Rubani wa leo anaanza na krediti 1,000 na kifaa cha 9,120 tayari kimo chomboni. Mpangilio umepinduliwa, na kwangu hoja yote iko hapo.

Wengine watasema kifaa kinaweza kuzimwa au kung'olewa. Kinaweza, ila mgeni hang'oi kitu asichojua kwamba kinamzuia. Kuna pia wenye mikono isiyowaruhusu kushika joistiki muda mrefu, na kwa hao msaidizi ndio mlango wa kuingia kwenye mchezo. Sitaki wauziwe wala wasubirishwe, na chaguo lao lingewekwa wazi kwenye mipangilio tangu dakika ya kwanza. Na kuhusu safari ndefu, hakuna mwenye akili atakayemlaumu anayekwenda kwa supakruzi ya kawaida hadi kituo cha Hutton Orbital, karibu miaka-nuru 0.22 kutoka anapoingilia mfumo wa Alpha Centauri, kwa zaidi ya saa nzima ya mstari mnyoofu, akiuachia mkono wa mashine. Safari hiyo haina la kufundisha hadi dakika za mwisho. Lakini mgeni hatumwi Hutton. Anatumwa kwenye vituo vya jirani, safari za dakika chache, ambazo karibu zote ni breki, sayari na mlango, yaani masomo yenyewe.

Wala sipingi kila kifaa kipya: supakruzi ya ziada (overcharge), inayoongeza kasi, iliyoletwa mwaka 2024 ni kazi safi, hasa kwa sababu kwenye vyombo visivyobuniwa kwa ajili yake inayumba, inapasha joto na kula mafuta, na rubani analazimika kuishika.

Pengine mtu ataniuliza bei ya 9,120 itamzuia nani leo, wakati kazi moja ya kubeba mzigo inaweza kuilipa. Haitamzuia mtu, ndiyo maana sitegemei bei. Sasisho lilelile la Aprili 2019 lilileta eneo maalumu la wanagenzi, lenye mifumo yake na kibali chake, ambalo rubani hulitoka baada ya kupanda daraja. Apewe chombo humo bila msaidizi, apitilize, arudi, autafute mlango kwa macho yake karibu na sayari ambazo ni zilezile kila siku. Siku kibali kinapoisha, msaidizi awe anamngoja kwenye paneli ya vifaa, bure kama wanavyotaka, na nafasi yake chomboni iwe tupu hadi mwenyewe aamue kuijaza.