Simu Isiyopokelewa

Wako wanaodhani kwamba shairi refu likishakatwakatwa na kugawiwa wahusika limekuwa mchezo. Nami nilidhani hivyo. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwapa wanachuo sala ya Ernesto Cardenal, mshairi wa Nikaragua, kwa ajili ya Marilyn Monroe, iliyotoka kitabuni mwaka 1965. Tuliitafsiri wenyewe. Nikamchagua binti mrefu, nikamvika wigi la manjano na gauni jeupe. Hadhira ilicheka kabla hajafumbua kinywa, na sala ikafia hapo.

Kosa halikuwa la binti yule. Shairi halimwonyeshi Marilyn, linamwombea. Mwigizaji huyo alifariki Agosti 1962, akiwa na miaka 36. Anayesema ni mtu wa dini (Cardenal alipata upadri mwaka huohuo wa 1965), naye anasema na Mungu, si nasi. Anamtajia ndoto ya marehemu: yumo kanisani, uchi, umati umesujudu, naye anatembea kwa ncha za vidole asije akakanyaga vichwa vya watu. Ndoto hiyo ni mchezo tayari, na ndiyo iliyonihadaa. Ukimleta mwanamke atembee hivyo jukwaani, macho yote yatakwenda mwilini mwake, nawe utakuwa umefanya lilelile ambalo mshairi anawalaumu kwalo wenye sinema.

Leo ningetaka sauti moja tu, kama mghani wa utenzi. Waigizaji wengine wote wangesujudu, na taa ingepita polepole katikati ya vichwa vyao bila kummulika mtu. Najua hatari yake. Sauti moja huchosha upesi, na wanachuo wengine hughani kana kwamba wanaita majina ya mahudhurio! Hapo mwalimu hana budi kufanya kazi yake.

Limebaki la simu. Marilyn alikutwa amekufa kitandani, mkono ukiwa kwenye simu, na shairi linakoma kwa kumwomba Mungu aipokee. Sisi tuliiweka simu mezani, tukailiza kengele. Upuuzi mtupu: kengele hulia kwa anayepigiwa, na huyu ndiye aliyekuwa akipiga. Ningeulaza mkonga wa simu kando, kimya, na mghani akishamaliza, asiwepo mtu wa kuurudisha mahali pake hata watazamaji watoke.